Jinsi ya kupima maji ndani ya bomba kwa mita ya ultrasoniki bila kukata bomba

Hii ni kwa mafundi wa visima, wasimamizi wa miradi ya maji vijijini, watu wa umwagiliaji na yeyote anayetaka kujua bomba lake linapitisha lita ngapi kwa saa bila kushika msumeno. Kuna mita za ultrasoniki za kubandika nje ya bomba, kinakuja kiboksi cha mkononi chenye skrini, kebo mbili na sensa mbili, unafunga sensa kwa mkanda juu ya bomba huku maji yanaendelea kutembea kama kawaida, namba inatokea. Zile za Kichina za TUF-2000H ndo utazikuta kwa mafundi wengi, za Wajerumani na Wajapani zipo ila bei yake kaa chini kwanza, lakini kanuni ni ileile na watu wanakosea sehemu zilezile.

Kwanza ujue kwamba hii mita haigusi maji wala haiyaoni, kitu pekee inachopima ni muda, lita unazoziona kwenye skrini zimepigwa hesabu kutoka kwenye ule muda pamoja na vipimo vya bomba ulivyoiambia wewe, kwahiyo ukiidanganya kuhusu bomba nayo itakudanganya kuhusu maji, tena kwa kujiamini kabisa na desimali juu.

Muda wa nini sasa? Kila sensa inatoa sauti na pia inasikiliza. Sauti yenyewe ni ya juu sana, sikio la mtu linaishia kilohezi 20 na hizi sensa kwa mabomba ya kawaida ya maji ziko kwenye megahezi 1 hivi. Sensa ya juu, yani ya upande maji yanakotoka, inapiga sauti inapenya ukuta wa bomba, inakatiza maji kimshazari mpaka kwa sensa ya chini, alafu zinabadilishana, ya chini inapiga na ya juu inasikiliza. Mtu anayepiga kasia Rufiji anajua, ukienda na mkondo unafika haraka na ukirudi kinyume unachelewa japo nguvu ya mkono ni ileile. Sauti nayo ikifuata maji inawahi kidogo, ikienda kinyume inachelewa kidogo, na tofauti ya hizo safari mbili ndo inatoa mwendo wa maji. Maji yakisimama, tofauti ni sifuri.

Hiyo "kidogo" ni kidogo kwelikweli. Chukua bomba la ndani mm 200, maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, sauti inakwenda inagonga ukuta wa pili na kurudi. Safari nzima ndani ya maji inachukua kama mikrosekunde 290, na tofauti kati ya kwenda na mkondo na kurudi kinyume ni nanosekunde 150 hivi, nanosekunde moja ni sekunde ukiigawa mara bilioni. Ukijua hilo utaelewa kwanini kapovu, kutu au grisi iliyokauka inaleta kizaazaa, hakuna nafasi ya uzembe hapo.

Uzuri wa hesabu yake ni kwamba inatumia muda zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, ikizigawanya na kuzizidisha mwendo wa sauti wenyewe unajifuta kwa sehemu kubwa. Hii inasaidia kwasababu mwendo wa sauti ndani ya maji unabadilika na joto, kwenye nyuzi 20 ni kama mita 1,482 kwa sekunde na kwenye nyuzi 30 ni kama 1,509, sasa bomba lililolala juani Dodoma na bomba la chini ya ardhi Njombe sio kitu kimoja. Bado utaingiza joto la maji kwenye menyu, kwasababu pembe ya sauti na umbali wa sensa vinategemea joto, ila ukikosea nyuzi mbili tatu dunia haianguki.

Ukikosea bomba ndo inaanguka, na hapa ntakaa kidogo.

Mita itakuuliza kipenyo cha nje. Mtu anasikia "bomba la inchi 4" anaingiza 100, au mjanja kidogo anaingiza 101.6. Bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 4 kipenyo chake cha nje ni mm 114, hiyo inchi 4 ni jina tu la soko. HDPE na PVC (mabomba ya plastiki) za milimita zinakwenda tofauti, HDPE ya 110 nje yake ni 110 kweli. Bomba za chuma za mamlaka za maji, zile za daktaili, nazo zina tabia zake, ya DN200 (200 ni saizi ya jina) nje ni mm 222. Kwahiyo usiulize mtu, pima. Na usipime kwa kuweka tepu juu ya bomba na kukadiria kwa jicho, zungusha tepu ya kitambaa au kamba isiyovutika kuzunguka bomba, pata mzingo, gawanya kwa 3.1416. Ukipata mzingo mm 359, gawanya, hilo ni bomba la 114. Njia ya mzingo ni bora hata kuliko venia kalipa kwenye HDPE ya roli kwasababu hizo bomba zikikaa kwenye roli zinakuwa yai, ukipima huku unapata hivi ukipima kule unapata vingine.

Alafu unene wa ukuta. Hapa ndo kuna wizi usio na mwizi. HDPE ya 110 ya PN10 (PN ni daraja la presha) kwa PE100 (aina ya plastiki yake) ina ukuta wa mm 6.6, ndani inabaki 96.8. HDPE ya 110 ya PN16 ina ukuta wa mm 10, ndani inabaki 90. Kwa nje zote ni nyeusi zina mstari wa bluu, ukizitazama kwa mbali ni mapacha. Sasa piga hesabu ya eneo, maji yakienda mita 1 kwa sekunde ile ya PN10 inapitisha kama kyubiki mita 26.5 kwa saa, ile ya PN16 inapitisha kama 22.9. Yani ukibahatisha aina ya bomba umeshakosea eneo kwa karibu asilimia 16 kabla hata sauti haijatoka kwenye sensa, alafu unaanza kumtuhumu aliyefunga pampu. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba, yanaandikwa kila mita, utakuta kipenyo, unene, PN na PE. Yakiwa yamefutika tumia kipima unene cha ultrasoniki, kile kidogo cha mkononi, ni kifaa kingine lakini kama unafanya hii kazi kila wiki nunua, kitajilipa. Ukishindwa kabisa tafuta kipande kilichobaki stoo cha bomba lilelile ukate uone.

Daktaili usisahau ndani ina plasta ya saruji, kwa saizi ndogo ni kama mm 4, kwenye menyu kuna sehemu ya laina (utando wa ndani ya bomba), ingiza hapo. Ukiiruka mita inadhani ndani ni kukubwa kuliko kulivyo. Na bomba la GI la miaka 20 kwenye maji ya chumvi ndani lina kutu na magadi ambayo hakuna kipimo cha nje kitakuonyesha vizuri, hilo likikupa namba ipokee kwa tahadhari.

Sasa pa kufunga. Watu wengi wanafunga pale wanapoweza kusimama kivulini, na mara nyingi pale ni kwenye kichwa cha kisima ambapo ndani ya mita moja kuna elbo (kona), chek vali (ya kuzuia maji yasirudi), mita ya zamani na geti vali (ya kufungia). Maji yakitoka kwenye elbo yanakuja yanajipinda, upande mmoja yanakimbia upande mwingine yamelegea, na sauti inapita njia moja tu kwahiyo inasoma kile ilichokutana nacho njiani. Kanuni ya kawaida ni kuacha bomba nyoofu urefu wa mara 10 ya kipenyo kabla ya sensa na mara 5 baada yake, na kama nyuma yako kuna pampu au vali iliyofungwa nusu acha mara 30. Kwa bomba la inchi 4 mara 30 ni kama mita 3 na kitu, sio mbali, tembea tu kufuata bomba. Ikibidi chimba, ila shimo liwe la mtu kukaa vizuri na mikono kuzunguka bomba, sio kile kishimo cha kuvulia panya.

Bomba lazima lijae. Mita hii inachukua eneo lote la duara inazidisha na mwendo, kama maji yako nusu ya bomba utasoma maji ambayo hayapo, au sauti itapotea kabisa. Bomba linaloshuka na mwisho wake uko wazi unamwaga kwenye tanki, hapo ndo pabaya kuliko kote kwasababu juu kunabaki hewa. Bomba linalopanda ni zuri sana, maji yakipanda yanajaza bomba yenyewe. Ukikosa, kule mbele baada ya sensa banisha vali kidogo presha ipande bomba lijae, alafu kumbuka umebana, maana mtiririko utashuka kidogo na hiyo ndo namba utakayosoma.

Kwenye bomba lililolala sensa zinakaa ubavuni, pande za saa tatu au saa tisa kama uso wa saa ya ukutani, usiweke juu kabisa kwasababu povu za hewa zinatembea juu, na usiweke chini kwasababu mchanga unalala chini. Visima vyetu vingi mchanga tunaujua.

Kabla ya kuweka sensa safisha. Chuma chenye rangi iliyobanduka au kutu toa kwa brashi ya waya kisha msasa mpaka chuma king'ae, eneo kubwa kidogo kuliko sensa. Rangi nyembamba iliyoshika vizuri iache. Plastiki futa tope na vumbi kwa kitambaa. Ila kama bomba ni la asbesto, yale ya kijivu ya zamani yanayofanana na saruji, USIPIGE MSASA wala brashi kavu, vumbi lake ukilivuta linaleta kansa ya mapafu miaka mingi baadaye, futa kwa kitambaa kilicholowa tu na kama hapafai tafuta sehemu nyingine.

Baada ya hapo ingiza vitu kwenye menyu, kipenyo cha nje, unene, aina ya bomba, laina, aina ya kimiminika, aina ya sensa, namna ya kufunga. Sensa ndogo za hizi mita za mkononi ni za bomba mm 15 mpaka 100, za kati 50 mpaka 700, kubwa ni 300 kwenda juu, hakikisha unachochagua kwenye menyu ndo hicho ulichoshika mkononi. Namna ya kufunga kwa mabomba mengi ya saizi ya kati ni V, sensa zote ziko upande mmoja, sauti inagonga ukuta wa pili na kurudi. Z ni sensa moja upande huu nyingine upande ule, sauti inapita mara moja, tumia hii bomba likiwa kubwa au limechoka na V haitoi signali. W ni ya vibomba vidogo. Ukimaliza mita itakupa umbali wa kuweka sensa kwa milimita, kwenye TUF ni menyu M25, na huo umbali kwa mita nyingi ni kati ya nyuso za ndani za sensa mbili lakini angalia kitabu cha mita yako maana wengine wanapima kati ya katikati na katikati.

Kwa V ni rahisi, chora mstari mnyoofu ubavuni, weka alama mbili. Kwa Z watu wanahangaika kupata upande wa pili ulio sawa, na dawa yake ni karatasi. Chukua karatasi ndefu kuliko mzingo wa bomba, lizungushie mpaka kingo zikutane sawasawa bila kupanda, hapo ukingo wake ni mstari uliokaa mraba na bomba, chora. Weka alama pale karatasi linapokutana, litoe, likunje nusu kati ya alama na alama, lirudishe, kunjo ndo iko upande wa pili kabisa. Kutoka pale ndo unapima ule umbali kwenda mbele. Dakika tano na huna haja ya leza.

Paka grisi usoni mwa sensa, ya silikoni ni nzuri, mstari mnene katikati alafu bonyeza ijisambaze isibaki na hewa. Hewa kati ya sensa na bomba sauti haipiti, ndo kazi yote ya hiyo grisi. Jua likiwa kali grisi ya gari inayeyuka inatiririka, kwa kazi ya nusu saa sawa, kwa mita ya kukaa wiki tafuta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Funga mkanda ukaze, sensa ya juu ya mkondo iwe ndo ya juu kweli, ukibadilisha kebo namba inatokea na alama ya kutoa mbele, sio tatizo kubwa ila inachanganya.

Sasa kabla hujafurahia namba ya lita, nenda uangalie afya ya signali. Kwenye TUF ni M90, kuna nguvu ya signali ya juu na ya chini na kuna kitu wanaita Q, yani ubora wa signali, zote zinakwenda mpaka 99, ukiwa juu ya 60 uko vizuri. Alafu M91, hii watu hawaigusi na ndo muhimu kuliko zote, inalinganisha muda mita ilioupima na muda ambao ungetarajiwa kwa bomba ulilolieleza. Inatakiwa iwe kati ya asilimia 97 na 103. Ikiwa 91 au 110 na signali ni nzuri tu, mita inakwambia kistaarabu kwamba bomba ulilolielezea sio hili nililofungwa. Rudi kwenye kipenyo, unene, aina ya bomba, umbali wa sensa. Usisogeze sensa kiholela kutafuta namba unayoipenda.

Signali ikiwa mbovu, sogeza sensa moja milimita chache mbele nyuma ukiangalia Q, ongeza grisi, zungusha kidogo kwenye ubavu, badilisha V kuwa Z. Kama pampu inaendeshwa na inveta (kifaa cha kubadili umeme), weka kebo za sensa mbali na kebo za pampu maana inveta zina kelele za umeme. Kama maji yametoka na hewa nyingi, kisima kimefikia mahali pampu inavuta hewa, hapo shida sio mita, pima kina cha maji kwanza.

Sifuri nayo ina ujanja wake. Ukiweza, zima pampu, funga vali, subiri maji yatulie kabisa, angalia mwendo uwe karibu na 0. Kama sio sifuri unaweza kuiseti, lakini UWE NA UHAKIKA maji yamesimama. Chek vali nyingi zinavuja, maji yanarudi kisimani polepole, ukiseti sifuri wakati huo umeongeza uongo kwenye kila kipimo cha siku hiyo. Huna uhakika, acha ilivyotoka kiwandani.

Namba ikitoka itachezacheza, ongeza dampingi (kutuliza namba) mpaka sekunde 10 hivi na usiandike namba ya papo hapo. Tumia jumla, ile totalaiza, andika mwanzo na mwisho ndani ya nusu saa, gawanya. Kama kuna mita ya zamani kwenye mstari soma nayo mwanzo na mwisho muda uleule, hiyo ndo njia ya haki ya kuzilinganisha. Kwa pampu ya sola andika na saa, kisima cha saa nne asubuhi na cha saa saba mchana vinatoa maji tofauti na hakuna aliyekosea. Na maji yakienda polepole sana, chini ya mita 0.3 kwa sekunde, usiibane mita sana, zile nanosekunde zimekuwa chache mno. Hii inatokea mtu akiwa na bomba kubwa kwa maji kidogo.

Mtengenezaji ataandika asilimia 1 kwenye boksi. Fildi, na bomba la zamani, ukipata ndani ya asilimia 3 mpaka 5 umefanya kazi nzuri. Kuhakikisha, tumia simtanki, usitegemee maandishi ya lita 5,000 ubavuni, pima kipenyo cha ndani sehemu iliyonyooka, weka alama mbili, hesabu ujazo kati yake na uchukue muda wa maji kupanda kutoka alama hadi alama. Kama ujazo ni lita 1,000 na maji yamepanda kwa dakika 6 na sekunde 40, hiyo ni lita 2.5 kwa sekunde, kyubiki mita 9 kwa saa. Mita ikisema 9.2 funga vifaa uende nyumbani. Ikisema 11, rudi kwenye unene wa bomba.

Kwa maji taka na matope hii aina inagoma, sauti inakwama njiani, huko kuna aina ya Dopla ambayo yenyewe inahitaji uchafu au povu ili sauti iakisi, maji safi ya kunywa haioni kitu. Usinunue ya Dopla kwa kisima eti ni rahisi bei.

Na kwa bili za wateja au kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, funga mita ya kudumu iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, hii ya kubandika ni ya ukaguzi, inakusaidia kujua kama ile ya kudumu bado ina akili.

Ukimaliza futa grisi, alafu kwenye bomba lenyewe andika kwa rangi pale ulipofunga sensa, kipenyo cha nje, unene, V au Z na umbali, na upige picha ya skrini ya M91. Fundi atakayekuja mwakani, hata kama ni wewe, atafunga palepale bila kuanza kuzungusha kamba upya.